Msemee Mwenzako Kwanza

Mama alianza kudai kaburi lake muhula uleule nilipoanza kuwafundisha watoto wa kidato cha tatu habari za Wayahudi na Waarabu. Sikupanga mambo hayo mawili yakutane. Ningekuwa na uwezo wa kupanga ningeyatenga, moja likae Kitale ninakofundisha, la pili likae Bungoma kwa mama, na barabara yote ile ibaki katikati yao.

Nianze na la mama, maana ndilo lililonikalia moyoni. Baba alizikwa kwenye shamba letu la zamani, kwenye miteremko ya Mlima Elgon upande wa Kitale, wakati mimi niko chuo cha ualimu. Haikupita miaka mingi ukaja ule ugomvi wa ardhi uliochochewa na kelele za uchaguzi, tukafukuzwa. Tuliambiwa turudi kwetu Bungoma. Mimi nilizaliwa kwenye shamba lile, ndugu yangu pia, Bungoma tulikuwa tunaenda kwa matanga na harusi tu, lakini haya, tukarudi kwetu. Ndugu yangu akapata kipande cha ardhi Bumula, hukohuko Bungoma, akajenga, akamchukua mama. Nyumba ni nzuri, ina sakafu ya saruji na madirisha ya vioo. Mama hakuwahi kuisifu hata siku moja.

Jumamosi moja nimeenda kumwona, tumekaa nje ya jikoni tunachambua majani ya kunde, akasema bila kuinua macho, "Mimi nikifa sitaki kulala hapa. Nataka kulala na mzee. Upande wa kushoto, ule niliolalia kitandani miaka yote."

Kwetu Wabukusu mke huzikwa ubavuni mwa mumewe. Hilo halina mjadala, hata kwa watu wa kanisa. Taabu ni kwamba ubavu wenyewe ulikuwa kwenye boma la watu wengine, watu wa mlimani, walioingia hapo baada ya sisi kutoka. Na mama hakuwa anaongea tu kwa sababu ya uzee. Daktari alikuwa amesema moyo wake umechoka, na miguu yake ilikuwa imevimba hata viatu vya kanisa havimwingii.

Ndugu yangu alikuwa anaosha pikipiki yake hapo karibu. "Mama, hiyo maneno si tulimaliza?" akasema. "Huko mimi sikanyagi. Utalala hapa kwangu, na kaburi nitaliwekea vigae."

Ana kovu kichwani, kuanzia juu ya sikio mpaka kisogoni. Alilipata siku tuliyotoka, na mama ndiye aliyelifunga kwa kanga yake tukiwa tunakimbia. Ukimwambia habari za mlima anagusa hapo kwanza ndipo anajibu.

"Mimi sijaomba vigae," mama akasema. "Nimeomba mzee wangu." Kisha akanigeukia mimi. "Wewe ni mwalimu. Unajua kuongea na watu. Nenda ukaongee."

Nikasema nitafikiria. Ukimsikia mwalimu akisema atafikiria, jua ameshakataa, ila hataki kelele.

Nilirudi Kitale nikakuta kelele zingine. Vita vya Gaza vilikuwa vimewaka, na kila mtoto mwenye simu nyumbani alikuja shuleni na hukumu yake tayari. Mtu ambaye hajakaa huku kwetu hawezi kuelewa vile Israeli ilivyo karibu. Makanisa mengi yana bendera yake pale mbele, karibu na mimbari. Bodaboda wameibandika kwenye vioo vya pikipiki. Kwa wanafunzi wangu Israeli ilikuwa nchi ya Musa na Daudi, na msichana mmoja wa benchi la mbele aliniuliza kwa unyenyekevu kabisa kama watu wa Farao ndio hao Waarabu. Sikucheka. Hakuna aliyewahi kumwambia tofauti.

Upande wa Waarabu wakampa mvulana mmoja, kwa kosa moja tu, kwamba ni Mwislamu na alikuwa peke yake. Kila habari ikitoka wanamgeukia, "Eh, watu wako wamefanya nini tena?" Siku moja akachoka, akasimama.

"Mimi ni Mbukusu wa Bumula," akasema. "Kiarabu changu ni cha kuswalia. Hata Mombasa sijafika, bana. Hao watu wangu ni wapi?"

Darasa likacheka, yeye hakucheka. Hapo ndipo nilipofunga kitabu cha silabasi. Mwalimu mkuu aliposikia, aliniita akanishauri niwaache watoto na mambo ya mtihani, maana kuna mzazi, mtumishi wa kanisa, ameshapiga simu kuuliza kama shule imeanza kulipinga taifa teule. Mimi nina hasira za karibu, wote wananijua. Nikamwambia mtoto anauliza leo, na mtihani ni mwakani, sasa nimwambie asubiri? Akanitazama, akasema basi, lakini taratibu.

Sasa utawafundishaje watoto jambo ambalo hata wazee wao wameshindwa kulizungumza? Nilichukua njia ya mama. Tulipokuwa wadogo, mimi na ndugu yangu tukigombana, mama hakuuliza nani alianza. Alituweka mbele yake, akaniambia mimi, "Msemee mwenzako kwanza." Ilibidi niseme kesi ya ndugu yangu kana kwamba mimi ndiye yeye, "mimi nilichukua mpira kwa sababu hii na hii," mpaka ndugu yangu mwenyewe akubali, "Ndiyo, hapo umesema." Halafu yeye anasema yangu. Nilikuwa naichukia njia hiyo sana. Kichapo kilikuwa rahisi kuliko hiyo, kwa sababu kichapo unakipokea ukiendelea kuwa na haki.

Nikaligawa darasa sehemu mbili. Wale wenye bendera za Israeli kwenye mikoba nikawapa kuwa Waarabu wa Palestina. Yule mvulana wa Bumula na waliobaki nikawapa kuwa Wayahudi. Masharti yalikuwa yale ya mama. Sema "mimi," usiseme "wao." Na hujamaliza mpaka upande wa pili ukubali kwamba umesema.

Siku ya kwanza ilikuwa aibu tupu. "Mimi ni Mwarabu, mimi napenda vita," kijana mmoja akaanza, na darasa likampigia meza. Nikamkalisha. Nikawaambia waende wakatafute mtu anakula nini huko, analima nini, usiku anaogopa nini. Niliwapa niliyoyajua mimi. Nikawaeleza kwamba Palestina ilitawaliwa na Mwingereza yuleyule aliyetutawala sisi, na kwamba aliwaahidi watu wawili kitu kimoja. Habari za mamilioni ya Wayahudi waliouawa Ulaya, nilizisema polepole, maana hizo hazisemwi haraka. Halafu vijiji vya Waarabu vilivyobaki vitupu Israeli ilipozaliwa, na watu waliotoka na ufunguo wa mlango wakidhani wanarudi wiki ijayo. Na Wayahudi wa Iraki na Yemeni, waliokuwa wanaongea Kiarabu nyumbani, ambao nao walitoka kwao wasirudi tena.

Wiki ya pili wakaanza kusikika. Kijana mmoja wa bendera, mtoto wa mchungaji, alisimama akasema, "Mimi nina michungwa aliyopanda babu. Siku moja nasikia shamba langu limetolewa kwa mtu mwingine katika mji ambao sijawahi kuuona. Na mimi hakuna aliyeniuliza." Alisema bila mzaha. Yule wa Bumula naye akasimama upande wa Wayahudi. "Mimi nilizaliwa Ulaya," akasema. "Babu yangu alizaliwa huko. Lakini kila mwaka wa shida naambiwa rudi kwenu. Sasa nimerudi huko wanakosema ni kwetu, na nimefika naambiwa hapa si kwenu."

Nikageuka nikafuta ubao ambao haukuwa na kitu. Rudi kwetu Bungoma, tuliambiwa. Na tulipofika Bumula, wanawake wa sokoni wakamwita mama "yule wa Kitale," na wanamwita hivyo mpaka leo, wakati mimi huku Kitale, katika chumba cha walimu, ni mtu wa Bungoma. Nchi ni moja, wimbo wa taifa tunauimba pamoja kila Jumatatu, na bado kila unapofika unaulizwa umetoka wapi.

Somo lililoniharibia ni lile la nyanda za Uasin Gishu. Nililipenda mno, ndiyo sababu. Niliwaambia kwamba zaidi ya miaka mia moja iliyopita, Wayahudi walipokuwa wanauawa huko Ulaya Mashariki, Mwingereza alijitolea kuwapa nchi, na nchi yenyewe haikuwa Palestina. Ilikuwa hapa jirani, ng'ambo ya mto Nzoia. Wajumbe wao walifika, wakaangalia, wakaondoka, na mwishowe Wayahudi wenyewe wakakataa.

Kisha yule mtoto wa mchungaji akasema polepole, "Mwalimu, kumbe sisi ndio tungekuwa Wapalestina."

"Sisi nani?" Sauti ilitoka nyuma. Ni msichana mmoja wa mlimani, mpole, ambaye tangu kidato cha kwanza nilikuwa nimemsikia akiongea nikiita majina tu. Alisimama. "Huyo Mwingereza alikuwa anagawa nchi ya nani? Sisi tulikuwa tunachunga ng'ombe huko, na huku Kitale pia. Watu wangu. Nyinyi mlikuja baadaye, kufanya kazi kwenye mashamba ya wazungu, na wazungu wakaondoka mkayanunua. Mwalimu, umetufundisha tuwasemee Wayahudi na tuwasemee Waarabu. Wewe unaweza kutusemea sisi?"

Nani alimwambia kwamba mimi ni mtoto wa watu waliofukuzwa, sijui. Kitale mambo hayajifichi. Watoto wote wakanitazama mimi.

"Watu wa mlimani wanasema kwamba nchi hii ilikuwa yao," nikaanza.

"Hapana," akasema, kwa heshima kabisa. "Kwa Wayahudi hukusema 'wanasema.'"

Nikaanza tena. Nikasema "mimi." Nikasema mimi nilikuwa na malisho, mzungu akaja akanisukuma juu mlimani kwenye baridi, na mzungu alipoondoka nilisubiri niitwe nirudi. Hapo nikakwama. Sentensi iliyofuata niliijua. Ilikuwa ni ya mtu aliyesubiri, akaona mgeni ndiye aliyepewa. Na mgeni huyo ni baba. Mdomo ulikataa. Nikahisi hasira inanipanda, nikawaambia wafungue vitabu vyao ukurasa wa marudio. Yule msichana alikaa chini taratibu. Hakunikasirikia, na hilo ndilo lililoniuma.

Wiki hiyo ndugu yangu alipiga simu. Mama alikuwa amelazwa hospitali Bungoma, wakamtoa maji miguuni, wakamrudisha nyumbani. Nikaomba niongee naye. Sauti yake ilikuwa nyembamba. Hakuniuliza habari za watoto wala za kazi. Aliniuliza, "Umeenda?"

Nikaenda. Kutoka Kitale ni karibu mno, hilo ndilo la aibu. Mlima Elgon nauona kwenye dirisha la darasa kila asubuhi kusipokuwa na ukungu, na tangu tufukuzwe sikuwa nimeupanda hata mara moja. Nilichukua bodaboda mpaka barabara ya murram, ile ya udongo mwekundu, inapoisha, nikamwambia anisubiri hapo kwenye vibanda, nikatembea. Nilidhani nitapotea. Miguu ilijua njia yenyewe.

Mahindi yalikuwa yamenizidi urefu. Nyumba yetu haikuwepo, ilichomwa siku ile upande mmoja na baadaye ikajengwa nyingine palepale. Jiko ndilo lililokuwa letu, lile la udongo alilosiriba mama. Kaburi la baba niliona msalaba wake wa saruji kabla sijaliona lenyewe, nyuma ya migomba. Sikulikaribia. Huwezi kuingia bomani mwa mtu ukaenda kwenye kaburi kabla ya kumsalimia mwenyewe.

Akatoka mama mmoja mzee, mrefu, amejifunga leso kiunoni, mikono ina unga. Tukasalimiana. Nikamwambia mimi ni mtoto wa mwenye kaburi.

"Nilijua kuna siku mtakuja," akasema. "Nilifikiri atakuwa mwanaume." Hakuniambia nikae. "Unataka shamba?"

"Sitaki shamba, mama."

"Wote huanza hivyo."

Ningeweza kumwambia hapohapo habari za mama yangu na miguu yake. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, maneno mazuri, ya kulia nayo mtu. Lakini nilipomwangalia, amesimama mlangoni ameshika nguzo kwa mkono mmoja, niliona anaogopa. Mimi ndiye niliyekuwa naogopwa. Nikasema, "Mama, kabla sijasema yangu, niruhusu niseme yako. Nikikosea, unirekebishe."

Akanikazia macho. "Wewe unajua yangu?"

"Sijui. Ndiyo maana unirekebishe."

Nikaanza kwa "mimi." Nikasema ya malisho, ya mzungu, ya baridi ya juu. Nikafika pale mdomo uliponikatalia darasani, na safari hii nikapita. Nikasema, "Mzungu alipoondoka nilisubiri niitwe nirudi. Wakaitwa wengine. Nikaona mtu wa Bungoma anajenga mahali ambapo babu yangu alichunga, na nikichungulia kwenye ua ananiuliza nataka nini. Moyo wangu ukawa mbaya. Siku ile vijana walipokuja na mishale kumfukuza, mimi nilifurahi nikaja kuchukua."

"Hapana," akasema. "Sikufurahi. Na sikuja kuchukua. Sema nilikimbia."

Ndipo aliponieleza, bado amesimama. Wao walikuwa wanaishi kule chini, karibu na tambarare, wana nyumba na ng'ombe wachache. Watu wetu walipolipiza kisasi, nyumba yao ilichomwa. Walipanda mlima na mvua, na walipofika hapa walikuta boma tupu, mlango wa jiko uko wazi. Sufuria ya ugali ilikuwa bado mekoni. Ugali ulikuwa umeganda kama jiwe.

"Nikasema mwenye sufuria atarudi kesho," akasema. "Nikaiosha nikaiweka kando."

Nikasema yote tena, kwa "mimi," na mvua yake, na sufuria yake. Nilipofika mwisho alikuwa ameachilia ile nguzo.

"Hapo umesema," akaniambia. Akanisogezea kigoda. "Sasa sema yako."

Yangu ilikuwa fupi. Nikamwambia mama yangu ni mgonjwa, na anataka kulala ubavuni mwa mumewe, upande wa kushoto, na hatutaki kitu kingine chochote. Aliondoka akatembea kuelekea nyuma ya migomba, nikamfuata.

Kaburi la baba lilikuwa limepaliliwa. Ubavuni mwake, upande wa kushoto, kulikuwa na tuta dogo lililozungushiwa mawe, fupi mno.

"Huyu ni wangu," akasema. "Msichana. Tulipofika hapa kifua kilikuwa kimeshambana kwa ile mvua, hakumaliza wiki. Sikuwa na mtu wangu yeyote aliyezikwa huku. Nikaogopa kumlaza peke yake mahali pageni. Nikaona hapa kuna mzee amelala, mtu wa nani sijui. Nikasema basi akae na huyu mzee." Akainama akang'oa jani lililoota katikati ya mawe. "Mama yako namkubalia. Lakini huyu siwezi kumtoa."

Nililia, yeye akasimama tu karibu nami mpaka nikamaliza.

Jumapili nilikuwa Bumula. Mama alikuwa kitandani, mito imemwinua mgongo ili apumue. Ndugu yangu alikuwa amesimama mlangoni. Nikamwambia nimemkuta mama mwenzake bomani, nikafungua mdomo kusema wamekubali, lakini kuna jambo. Mama akainua kiganja.

"Msemee yule mama kwanza," akasema.

Kwa hiyo nikasema. Nikasema, mimi nilichomewa nyumba, nikapanda mlima na mvua nimebeba mtoto. Nikasema sufuria, mama akafumba macho. Nikasema kaburi la mzee nisiyemjua, na mtoto niliyemlaza hapo asiwe peke yake.

"Upande gani?" mama akauliza.

"Wa kushoto."

"Si wamtoe?" ndugu yangu akasema. Mkono wake ulikuwa kichwani. "Hiyo ni mahali ya mama. Wamtoe wamweke kando, kuna shamba yote."

"Nyamaza," mama akamwambia, si kwa ukali. Alivuta pumzi kwa muda mrefu. "Wewe ulilala wapi ulipokuwa mdogo?"

Ndugu yangu akaushusha mkono wake kutoka kichwani.

"Katikati," mama akasema. "Wewe na huyu dada yako, kila mmoja kwa wakati wake. Baba yenu huko, mimi huku, mtoto katikati. Mimi nililala ukingoni mwa kitanda miaka mingi na sikuanguka. Mnilaze ng'ambo ya huyo mtoto."

Jumatatu niliingia darasani nikamwomba yule msichana wa nyuma anisikilize tena. Sikukwama. Alinirekebisha mahali pawili, na nilipomaliza akasema "ndiyo" na kuketi. Halafu nikamwomba yeye anisemee mimi. Akaanza, "Mimi nilizaliwa kwenye shamba la mlimani," na mtoto wa mchungaji akaacha kuchezea kalamu yake.

Mama alikufa kabla ya mvua za masika. Ndugu yangu hakuwa amesema kama atakwenda au hatakwenda, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Asubuhi ya kuchimba alikuwa wa kwanza kupanda gari lililobeba majembe. Tulipofika alisimama nje ya ua muda mrefu, ameshika kovu lake, mpaka yule mama mwenye boma akatoka akamsalimia. Walikwenda pamoja nyuma ya migomba. Nilimwona yule mama akimwonyesha kwa mguu mahali tuta dogo linapoishia, na ndugu yangu akasogea hatua nyingine nje kabla ya kupiga jembe la kwanza. Alimuuliza mtoto alikuwa na umri gani. Sikusikia jibu.

Watu wa Bumula walikuja, na watu wa mlimani walisimama upande wao. Hawakuchanganyika, nisiwadanganye. Wakati wa kusoma maisha ya marehemu ukafika, na kwetu hiyo ni kazi ya mtoto wa kiume. Ndugu yangu akasimama kati ya jeneza na lile tuta la mawe. Akasoma mama alikozaliwa, alikoolewa, kanisa alimobatizwa. Akafika mahali pa watoto. Sote tulijua mama alizaa wawili, na kwamba hakuwahi kuzika mtoto.

"Mama ameacha watoto wawili," ndugu yangu akasema. Akatazama chini kwenye yale mawe. "Na mmoja alimtangulia."

Watu wetu wa Bumula wakatazamana. Yule mama mwenye boma alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na jiko. Alikaa chini kwenye nyasi, akajifunika uso kwa leso yake.